Mkaja Juu ya Mshono

Mwanangu wa kwanza alikaa vibaya tumboni. Watoto wa wenzangu walikuwa wameshageuka vichwa chini, wa kwangu ameketi kama sultani, makalio yametangulia. Daktari alijaribu kumgeuza kwa kumsukuma juu ya tumbo langu, mtoto akakataa katakata. Ilikuwa miaka ya tisini, tunaishi Thamesmead, London, mume wangu anaendesha basi, na mimi nilikuwa nikiwahudumia wazee majumbani mwao mpaka tumbo liliponishinda. Daktari akasema nitapasuliwa. Akachagua siku iliyomfaa yeye, kabla hajaenda likizo, uchungu wangu ukiwa haujaanza. Nikaelezwa habari za sindano ya mgongo, habari za damu, habari za kidonda na namna ya kuinuka kitandani bila kukitonesha. Habari za mapafu ya mtoto hakuna aliyenieleza.

Akatolewa mchana. Nilimsikia akilia, kisha kilio kikageuka mguno, mguno wa mtu aliyebeba gunia zito. Kila pumzi na mguno wake. Mkunga hakunipa nimshike. Alinionyesha uso kwa mbali akaondoka naye mbio, na mume wangu akawafuata, bado amevaa kofia ya chumba cha operesheni. Mimi nikabaki nimelala pale, wananishona huku wanazungumza habari za maegesho ya magari.

Siku ya pili ndipo daktari wa watoto, msichana mwenye macho ya usingizi, aliponieleza kule kwenye wodi ya watoto mahututi. Mtoto akiwa tumboni, alisema, mapafu yake yamejaa maji. Uchungu unapoanza, mwili wake unapata habari kwamba safari imewadia na maji yanaanza kukauka. Anayetolewa kabla ya uchungu, tena mapema kidogo, wakati mwingine anatoka na maji yake bado kifuani. Wengi hawapati shida yoyote. Wachache huhitaji oksijeni kwa siku kadhaa. Mwanangu alikuwa mmoja wa hao wachache, amelala ndani ya sanduku la plastiki na mipira ya hewa puani, mbavu zinaingia na kutoka, ngozi ya kifua nyembamba kama karatasi.

"It's quite common," akasema.

Nikamuuliza, kama ni jambo la kawaida, mbona mimi sikuambiwa? Kungojea wiki moja kungesaidia? Akasema pengine. Nilimfokea mpaka muuguzi akaja kunishika bega, na sijutii. Kisu ningekikubali hata hivyo, maana mtoto aliyeketi vile si wa kuchezewa. Lakini mwili ulikuwa wangu na mtoto wangu, na wao walijua jambo ambalo mimi sikulijua.

Huyo daktari nilimkasirikia siku ile, basi. Hasira iliyokaa ni ya watu wangu mwenyewe.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa anakaa mtaa wa pili. Ni mwanamke mwema, sikatai. Alinipikia, alinifulia, alipanda basi na chupa ya uji wa pilipili manga mapajani ili nisile chakula cha hospitali. Ila alikuwa na maradhi yake mamoja, watu watasema nini. Jioni ya siku niliyojifungua alikwangua kadi ya simu akampigia mama mkwe Unguja, kisha akawapigia wanawake wetu wote wa London. Kajifungua salama, kwa njia ya kawaida, mashallah. Aliponisimulia nilidhani ananitania.

"Wifi, kwa nini umesema hivyo?"

"Nimekusitiri. Unataka waseme kaka yangu kaoa mwanamke asiyeweza kusukuma? Mshono uko ndani ya nguo, nani atauona?"

Nilikuwa siwezi hata kukohoa bila kukumbatia mto, sembuse kugombana. Wanawake wetu wakapokea habari njema, kisha wakakaa wakaipiga hesabu, na hesabu ikakataa. Kama kazaa kawaida, mbona mtoto yuko kwenye mashine? Jibu walikuwa nalo tayari. Kwetu mtoto akitoka amechoka, anayeshtakiwa ni mama: kabana mapaja kichwa kikiwa njiani, kamkaba mwanawe kwa woga. Habari ikanifikia wodini kwa mdomo wa mgeni mmoja aliyekuja na chungwa na huruma. "Mara nyingine, dada, usibane," aliniambia, akinipapasa mkono. "Watoto waliobanwa huwa wazito wa akili. Muombe Mungu."

Basi mtoto wangu, ambaye hakukipitisha kichwa popote, alikwishapewa sifa ya uzuzu kabla hajavuta pumzi moja bila msaada. Wifi alikuwa pale pale, anamsikia. Akakazana kumenya chungwa.

Wakaniruhusu kurudi nyumbani, mtoto akabaki. Kila asubuhi nilipanda basi kwenda kumpelekea maziwa niliyoyakamua, nimekaa upande upande ili basi likiruka nisipasuke. Nilirudi mchana kwenye kitanda kitupu na nguo ndogo zilizokunjwa. Siku moja nilipoingia nikamkuta bibi mmoja ananingoja.

Bibi huyu wa Kiunguja ndiye aliyekuwa akiwakanda wazazi wetu wote wa London, kusini mwa mto. Mama akishajifungua, bibi huja na maji yanayotoa moshi, akamkanda tumbo kwa nguvu damu chafu itoke, kisha akamfunga mkaja, kitambaa kirefu kinachozungushwa na kukazwa mpaka tumbo lirudi mahali pake. Wanawake walikuwa wamemtuma, na wifi hakuweza kumkataza bila kusema kwa nini. Alinivuta kwenye korido.

"Mwambie una homa."

Nikamwambia bibi nina homa. "Homa dawa yake ni maji moto," akasema, akakunja mikono ya gauni. Nikalala kitandani, kanga kifuani, kwa sababu nililelewa nisimjibu mtu mzima. Alikuwa anaukunjua mkaja huku ananisema. "Ungemwachia mtoto njia, mwanangu, saa hizi ungekuwa unamnyonyesha. Sasa umemwacha kwa wazungu. Uchungu wa saa mbili tatu tu, umeshindwa kuvumilia?" Na mikono yake miwili, mikubwa, mikavu, ikashuka kuelekea tumboni kwangu.

Nikamdaka viganja. Nikaiteremsha kanga mwenyewe.

Bandeji ilikuwa pana, kutoka nyonga hadi nyonga, na pembeni damu kidogo ya safari ya basi. Bibi alitazama. Wifi alikuwa mlangoni na sufuria ya maji, anatazama sakafu. Nilidhani bibi atasema pole. Nilidhani atasema, kumbe nilikuwa karibu kukuua.

"Kumbe hukuzaa," akasema.

Sijui nilipata wapi ile sauti. Nilisema nimezaa, nimezaa na nimechanwa, na mtoto wangu ana mipira puani kwa sababu alitolewa kabla maji ya kifuani hayajakauka, na sikubana kitu, sikupewa hata nafasi ya kubana. Nilisema kama kuna mtu anataka kumwita mwanangu zuzu aje aniambie mimi. Jirani wa juu akagonga sakafu. Bibi akaukunja mkaja wake taratibu, akautia mkobani.

"Haya, mwanangu. Nimeona. Nitawaambia."

Nikamwamini. Siku chache baadaye mwanangu akatolewa mipira. Nilimlaza kifuani, nikatega sikio kutafuta ule mguno na sikuusikia. Alikuwa anapumua kama mtu yeyote. Nililia mpaka nikamlowesha kichwa, na maneno ya wanawake yakatoka akilini mwangu.

Kumbe kwao hayakutoka. Miaka ilipita, tukaingia elfu mbili na kitu, kijana akawa mrefu kuliko baba yake, anasikia Kiswahili chote na kujibu Kiingereza. Tukaenda harusini, ukumbi umejaa, biriani inazunguka. Bibi alikuwa amekaa meza ya wazee na fimbo yake, wanawake wamemzunguka, na wifi yumo na sahani mkononi. Nikampeleka mwanangu amsalimie. Akambusu mkono. Bibi akamshika kidevu, akamgeuza uso kushoto na kulia.

"Huyu ndiye yule aliyebanwa? Mbona kakua, na anaonekana ana akili zake!"

Wakacheka, vizuri tu, bila ubaya. Mwanangu akanigeukia kuuliza maana. "Mum, what does she mean?"

Macho ya bibi mwenyewe ndiyo yaliyouona mshono wangu. Aliuona, akaukunja pamoja na mkaja, akaenda kusema kile kile alichokuja nacho. Nikamshika mkono, ule ule mkubwa mkavu, nikauweka tumboni kwangu juu ya gauni la harusi, pale mshono ulipoinuka mpaka leo.

"Amepita hapa, bibi. Shika vizuri."

Akajaribu kuuvuta. Sikuuachia. Kicheko kikakatika meza nzima.

"Wifi," nikasema, "waambie wewe. Mimi nilishasema."

Wifi akaiweka sahani chini. Akajifuta vidole kimoja kimoja. "Alipasuliwa," akasema, kwa sauti ya chini, ya mtu anayeongea na kifua chake. "Uongo ulikuwa wangu."

"Paza sauti," nikamwambia. "Hawajasikia."