Rangi Nyeusi Chini ya Regileta

Wazo la kuipaka pikipiki rangi lilikuwa langu, nalisema wazi kabla mtu hajamlaumu bwana yangu. Ilikuwa nyekundu, inang'aa, na wiki zile askari wa serikali walikuwa wanarudi kutoka vitani na njaa na hasira, wanachukua kila chombo kilichowapendeza. Nilikuwa na mimba ya miezi tisa. Kutoka kwetu Katuba hadi materniti, hospitali ya kujifungulia, mjini, ni mbali, mabasi yalishaacha kutembea, na pikipiki ile ndiyo ilikuwa miguu yangu. Nikamwambia, "Tuipake nyeusi, ikuwe mubaya, hakuna muntu ataitamani." Tukaifungua, tukaipaka kwa brashi ya ukuta, tukaifunga tena. Ilifanana na sufuria ya kupikia kwa makaa.

Siku ya tatu betri ikafa. Bwana yangu akaipeleka kwa jirani mwenye jenereta, ikajaa, kesho yake ikafa tena. Pikipiki ile bila betri haiwaki, hata uisukume mpaka Kipushi. Mtoto alishashuka chini, namsikia kabisa, na upande wa Naviundu bunduki zilikuwa zinalia mchana kweupe. Nikaanza kugomba. "Si ulisema unajua mambo ya umeme? Nizalie hapa mu mavumbi?" Alikuwa akitengeneza redio na pasi za watu, mtu mpole, wa kunyamaza. 

Asubuhi akarudi na betri iliyojaa kutoka kwa jirani, akafungua kila kitu mbele ya mlango. Kipimo hatukuwa nacho. Tulikuwa na balbu moja ya taa ya nyuma, akaifunga nyaya mbili, akanipa niishike kwenye betri. "Injini ikivuma, balbu iongeze mwanga," alisema. "Hapo utajua chaji inafika." Akawasha injini, akavuta mafuta. Balbu ikabaki vilevile, ya njano, kama jicho la mgonjwa. Akaigusisha kwenye nyaya zinazotoka kwenye koili, ile inayozalisha umeme ndani ya injini, ikawaka kwa nguvu. Koili ilikuwa nzima. Ilibaki regileta, kile kisanduku kidogo kinachopokea umeme wa koili na kuupeleka kwenye betri. Alikitazama mpaka nikachoka kusimama. Kisha akachukua kipande cha waya, ncha moja kwenye mwili wa kisanduku, nyingine kwenye hasi ya betri, akanirudishia balbu yangu kwenye betri, akavuta mafuta. Mwanga ukanipiga machoni.

"Ni rangi," alisema. Kisanduku kile hurudisha umeme kupitia chuma chenyewe cha pikipiki, na sisi tulikuwa tumekifunga juu ya rangi nzito isiyopitisha umeme. Nilicheka mpaka tumbo likakaza. Nikachukua kisu cha jikoni nikakwangua mwenyewe pale kinapokaa, nyeusi ikatoka, chuma kikabaki kitupu. Tulipokifunga tena, mwanga wa balbu ulipanda kila alipovuta mafuta.

Siku iliyofuata, saa nne asubuhi, uchungu ukaanza. Tukapanda pikipiki, na tulipokaribia reli tukaona kamba imevutwa barabarani, askari watano na jeep yao. Bwana yangu akaniambia bila kugeuka, "Mama, acha niseme mimi. Weye nyamaza tu."

Askari mmoja akaizunguka pikipiki, akaipiga tairi teke, akacheka. "Hii takataka! Itakufa mu njia, mama, utazalia kwa barabara. Muende." Alishainua kamba. Rangi yangu ilikuwa imefanya kazi yake, njia ilikuwa wazi. Lakini mdomo wangu hauna breki, uchungu ulikuwa umenikamata, na mtu yule alikuwa ametucheka.

"Haitakufa!" nikasema. "Iko inashika chaji kuliko jeep yenu. Bwana yangu mwenyewe ameitengeneza, na balbu moja tu!"

Akaishusha kamba. "Kumbe iko fundi," alisema taratibu. "Jeep yetu iko inamaliza betri tangu juzi."

Ee Mungu wangu. Nilisema si fundi, nilisema mimi ni mwongo, nikalia, nikawaita askari wale baba zangu. Bwana yangu alishuka, akanishikisha usukani nisianguke. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Wakampandisha kwenye jeep pamoja na mfuko wake wa vyombo. Pikipiki hawakuitaka, ilikuwa mbaya mno.

Mama mmoja mpita njia alinishika mkono mpaka materniti. Mtoto alizaliwa mchana huo. Jeep ile watu waliiona siku ya pili kwenye barabara ya mpakani, inakimbia vizuri, na yeye amekaa nyuma katikati ya askari. Sikumwona tena.

Shemeji yangu aliirudisha pikipiki nyumbani kutoka pale relini. Niliiendesha mwenyewe miaka mingi, nikibeba unga wa kuuza, na betri yake haikufa hata siku moja.