Janet Akelo anaomba giza, mumewe ana taa nne

Saa moja asubuhi, nje kidogo ya Jiji la Mwanza, Janet Akelo ameinama ukingoni mwa mtumbwi akisugua tufe la kioo kwa kitambaa. Utelezi wa kijani hautaki kutoka. Anasonya.

"Tazama! Kamba ya taa nyingine hii hapa. Jamani, hawa wavuvi wana masikio kweli?"

Kamba hiyo, iliyoachwa tangu mwezi uliopita, imefungwa kwenye boya la chuo kilichomwajiri. Chini yake yananing'inia matufe yenye vifaa vya kunasa mwanga. Yanajaribiwa hapa kabla ya kupelekwa ng'ambo, kwenye maji ya kina kirefu, kutafuta nyutrino: chembe ndogo mno zenye nguvu kubwa, zinazotoka mbali ndani ya galaksi yetu na kupita katika milima, samaki na watu bila kugusa kitu. Mara chache sana moja hugonga maji, ukatokea mmweko hafifu. Bila giza totoro huuoni.

Giza hilohilo wavuvi wa dagaa wanalitaka. Mwezi ukiwaka wanalala nyumbani. Ukipotea wanaingia ziwani na taa zao. Na kwa kuwa wanaamini matufe yale ni karabai za chuo za kuita dagaa, ziwa lote hili, wanajifunga palepale!

"Nimewaeleza mwaloni, wanaposhushia dagaa, mpaka sauti imekauka. Hayawaki, yanatazama tu! Wananijibu, 'Sawa mama, yakianza kuwaka utuambie.'"

Anayemkera kuliko wote anaishi naye. Ni mumewe, Odongo, mwenye taa nne.

"Dagaa wapo pale, nifanyeje?" anasema Odongo akishona wavu. "Hiyo nyutrino yenu inakaangwa?"

Utani umekwisha, lakini. Chuo kimesema giza la mwezi huu likiharibika, matufe yatang'olewa na kuhamishiwa ziwa jingine. Janet atarudi kuanika dagaa mchangani, kazi aliyoifanya tangu usichana.

"Mgongo wangu unaijua hiyo kazi. Sirudi!"

Giza linaanza leo. Mchana, nyumbani kwao, taa nne zimeegeshwa ukutani, hazijachajiwa. Odongo amejilaza kwenye mkeka.

"Unaumwa?" Janet anauliza.

"Siumwi. Leo sitoki. Na wenzangu nimewaambia wakavulie nyuma ya kisiwa. Si kwa ajili ya nyutrino zenu, usijidanganye. Nimechoka kusemwa hata nikila."

Janet anazibeba taa zote, anazifungia chumbani, na ufunguo anaufunga kwenye pindo la kanga.

"Nataka usiku mmoja tu wa giza," anasema. "Mmoja! Nyutrino isipokuja, hapo nitagombana nayo yenyewe."