Kalibu Mbili za Mbao

Mtaani kwetu Mbeya, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuvuka bahari na kurudi na stashahada. Sikubebwa na mtu. Uingereza niliosha sahani hotelini, nikasoma, nikafaulu, na katikati ya miaka ya hamsini nikashuka kwenye basi na suti ya sufu, sanduku la vitabu, na chombo cha chuma chenye mikono miwili iliyopinda, cha kupimia vichwa.

Chombo hicho Wazungu walizoea kutupimia sisi. Mimi nilirudi nikijua walivyopimana wao kwa wao. Wataalamu wao wa zamani waliigawa Ulaya mafungu matatu: watu wa kaskazini, warefu, nywele za dhahabu, kichwa kirefu; watu wa milimani, wanene, kichwa cha mviringo; na watu wa kusini, wafupi, nywele nyeusi, kichwa kirefu tena. Unapima upana wa kichwa, unaugawa kwa urefu wake, unazidisha mara mia, na tarakimu inakuambia mtu ni wa fungu gani. Niliyahifadhi yote kama sala.

Shule moja ya Iringa ilikuwa inatafuta mwalimu wa historia. Ningefundisha somo moja mbele ya mkaguzi wa Kizungu. Akiridhika, kazi ni yangu. Asiporidhika, ningebaki dukani kwa baba na suti yangu. Nikachagua kufundisha mafungu hayo, na kwanza nikamsomea baba somo hilo.

Baba alikuwa fundi wa kofia. Mvua za Mbeya ziliharibu kofia za walowezi, naye alizilainisha kwa mvuke wa birika na kuzivalisha kalibu za mbao. Kila mteja alikuwa na kalibu yake, iliyochongwa kwa umbo la kichwa chake.

"Bwana yule wa shamba la kahawa," akaniuliza, "mrefu, nywele kama ndevu za mahindi mabichi. Wa fungu gani?"

"Kaskazini, baba. Kichwa kirefu."

Akashusha kalibu ya bwana huyo kutoka rafuni. Ilikuwa ya mviringo kama chungu.

"Na hii ni ya mdogo wake. Baba mmoja, mama mmoja."

Hiyo ilikuwa ndefu kama papai. Nikazipima mara mbili. Tarakimu ziliwatupa ndugu hao katika mafungu tofauti.

"Labda umekosea kuchonga," nikasema.

"Ningekosea, mwanangu, wangerudi na matusi siku hiyo hiyo."

Mama, aliyekuwa akishona bitana, akacheka. "Bahari yote hiyo umevuka kwenda kujifunza kupima matikiti!"

Iliniuma. Ningeweza kufundisha kitabu kama kilivyo, na mkaguzi asingejua. Lakini mimi si mtu wa kulijua jambo nikalificha. Nikazifunga kalibu zote mbili kwa gazeti, nikapanda basi la Iringa.

Darasani nilichora mafungu matatu ubaoni, kwa mwandiko ambao hadi leo unasifiwa. Kisha nikaweka kalibu mezani, nikaeleza kuwa ni za ndugu wawili.

"Mwalimu," akauliza mwanafunzi wa mbele, "kwa hiyo mama yao alizaa makabila mawili?"

Darasa likaangua kicheko. Mkaguzi hakucheka. Aliinuka kule nyuma, mrefu, nywele za dhahabu, akaja hadi mezani.

"Nipime mimi."

Nikatoa chombo changu cha chuma. Nikapima, nikapiga hesabu ubaoni mbele ya wote.

"Nywele ni za kaskazini, bwana. Kichwa ni cha milimani."

"Basi mimi ni wa wapi?"

"Kitabu hakijui, bwana. Lakini kipimo cha kofia yako nina hakika nacho."

Akanipa mkono. "Utaanza Jumatatu ijayo."

Nilirudi Mbeya nimenyoosha mabega. Baba alizipokea kalibu, akazikagua kama zina mikwaruzo, ndipo akauliza, "Wamekuchukua?"

"Wamenichukua."

"Na vipimo vya huyo mkaguzi umeviandika? Iringa nako mvua inanyesha."

Nilikuwa nimeviandika. Nikampa karatasi, naye akaenda kuchagua gogo la kuchonga.