Wifi Yangu na Kesi ya Barafu

Mtaani kwetu mtoto akipiga chafya, mahakimu ni wengi na mshitakiwa ni mmoja: wifi yangu. Anauza barafu za juisi, zile za kufungwa kwenye vifuko vya nailoni, getini mwa shule ya msingi, tangu kaka yangu alipofariki na kumwachia friza kuukuu na watu wa kulisha.

Mafua ni barafu. Kikohozi ni barafu. Kichomi, koo, kubanwa kifua, homa ya usiku, yote barafu. Jirani yetu wa mlango wa pili, mwenyekiti wa mahakama hii kwa kujiteua, huvuta sigara huku amempakata mwanawe, anampulizia moshi utosini, na wakati huo huo anawaeleza watu jinsi barafu inavyoharibu mapafu ya watoto. Mkewe hupikia mkaa ndani ya chumba kilichozibwa dirisha kwa gunia, maana eti upepo una baridi na baridi inaleta nimonia. Wakishaanza kukohoa nyumba nzima, wanageuka kuutazama mlango wa wifi. Na nyama yao, naomba ikumbukwe, inahifadhiwa kwenye friza la wifi, bure.

Mimi ningewajibu. Mdomo ninao, nashukuru. Ila mwenye kesi mwenyewe alikuwa upande wa mashitaka. Wifi aliamini kila neno. Ana mjukuu wa kike wa miaka saba, aliyeachwa kwake na binti yake anayefanya kazi mji mwingine, mtoto msemaji kiasi kwamba wote tunamwita Chiriku. Chiriku amekulia ubavuni mwa friza, anasaidia kufunga vifuko, anajua ladha zote kwa rangi, lakini alikuwa hajawahi kuonja hata tone. Alivalishwa sweta jua likiwaka. Akiomba barafu, bibi yake anamwambia, "Wewe kifua chako hakiwezi." Watoto wa wenzake, nadhani, walizaliwa na vifua vya chuma.

Msimu wa vikohozi ulipopamba moto, mwalimu mkuu akamwita wifi ofisini. Nilimsindikiza, maana namjua, angeomba msamaha kabla hajaambiwa kosa. Madirisha ya ofisi yamefungwa, ya madarasa yamefungwa, watoto wamebanana kwenye madawati, na nje ya mlango kuna pipa la maji ya kunywa lenye kikombe kimoja cha bati, kimefungwa mnyororo kisiibiwe. Shule nzima inanywea kikombe hicho. Mwalimu mkuu akakohoa ndani ya kiganja, akatunyooshea kiganja hicho hicho tukisalimie, akakaa.

"Mama, biashara yako inatumalizia watoto."

"Naelewa, mwalimu."

"Wazazi wamelalamika. Kuanzia kesho nisikuone getini."

"Sawa, mwalimu. Nisamehe."

Nikamwuliza mwalimu yeye amekula barafu ngapi wiki hiyo, mbona kifua chake kinakoroma namna ile. Wifi akanikanyaga mguu.

Basi barafu ikafukuzwa shule. Kikohozi, kwa bahati mbaya, hakikupewa taarifa. Kiliendelea kuhudhuria masomo bila kukosa hata kipindi. Mahakama ya mtaa ikakaa tena, ikafikiri sana, ikaamua kwamba wifi anauza kwa siri.

Kisha Chiriku akanyamaza. Tulijua anaumwa kwa ukimya wake tu, kabla hatujamgusa. Homa ilimpanda, shingo ikavimba chini ya taya, kila akimeza anakunja uso. Wifi akafanya yote aliyofundishwa na mtaa: akafunga dirisha, akaziba chini ya mlango kwa matambara, akamrundikia mablanketi, akamletea maji ya moto. Mtoto akayatema huku machozi yanamtoka. Mwenyekiti naye akaleta vidonge vilivyobaki kwenye kikohozi chake cha mwaka juzi, pamoja na ushauri wa kitaalamu: "Huyu kalamba barafu, msinifiche."

Kesho yake hamezi hata mate. Midomo imekauka, macho yameingia ndani, na tangu jana hajakojoa. Wifi hakubanduka kando yake. Alishamzika mume, na nilijua anachokiwaza. Nikasema basi, yatosha, nikambeba mtoto mgongoni tukaenda hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye barakoa na haraka. Akamulika koo kwa tochi. "Mafindofindo. Yamevimba na yana usaha. Hawa ni bakteria, si baridi. Kaambukizwa na mwenzake, kwa kukoholewa karibu, au kwenye chombo cha kunywea pamoja."

Kikombe cha bati kikanijia akilini, na mnyororo wake. "Na haya mafua na vikohozi vilivyozagaa?" nikamwuliza.

"Mengi ni virusi. Vinatoka mdomoni na puani, vinapita mikononi, na vinapenda vyumba visivyopitisha hewa. Moshi nao unavifungulia njia."

Kwa maelezo hayo, mtaa wetu ulikuwa umevitandikia vitanda.

"Dawa nitampa," daktari akaendelea, "na atameza mpaka ziishe, hata akijisikia mzima. Tatizo ni maji. Asipokunywa mpaka alasiri, namlaza na kumtundikia dripu." Akamgeukia wifi. "Nyumbani mna barafu?"

Wifi akasimama kama ameitwa kizimbani. "Daktari, naapa hajawahi kuilamba. Muulize wifi yangu. Hata tone."

"Sijauliza hivyo, mama. Kama ipo, ileteni anyonye. Ubaridi utatuliza koo, na maji yataingia."

"Barafu? Kwa mgonjwa?"

"Kwa mgonjwa."

Wifi akakaa taratibu. Nilikwenda mimi nyumbani. Nyama ya mwenyekiti ilikuwa imejaa friza mpaka juu. Niliitoa yote nikaibwaga sakafuni bila adabu, na chini kabisa nikavikuta vifuko vilivyobaki tangu siku ya kufukuzwa. Wifi hakuwa na moyo wa kuvitupa. Nyama sikuirudisha, na sijaomba radhi.

Hospitalini, wifi akapokea kifuko na kukipeleka mdomoni akate ncha kwa meno, kama anavyowafanyia watoto wa darasa la kwanza kikiwashinda kufungua. Daktari akamshika mkono.

"Kwa mkasi, mama. Huwa unawafungulia hivyo?"

"Wale wadogo tu."

"Hata ukiwa na mafua?"

Wifi akakishusha kifuko. Mafua alikuwa nayo tangu mvua zianze. Daktari akampa mkasi. Kwa hiyo mahakama ya mtaa, katika upofu wake wote, ilikuwa imemshika mmoja wa wahusika, lakini kwa shitaka la uongo. Mimi mtaani sijasema, na wewe usiseme.

Chiriku akanyonya, akafumba macho kwa maumivu, akameza. Akanyonya tena. Tuliinama wote watatu tukilitazama koo lile. Kifuko kikafika nusu, ndipo ikatoka sauti iliyokwaruza:

"Bibi, kumbe ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

"Na wale wote ulikuwa unawapa?"

"Nilikuwa nawauzia, ndiyo."

"Mimi ukaninyima."

Wifi alilia pale pale mbele ya daktari, yeye ambaye msibani kwa kaka yangu alilia kwa kujificha. "Nilikuogopea, mjukuu wangu. Nilikupenda kuliko wao."

Chiriku akalifikiria jambo hilo. "Nipe nyekundu," akasema.

Hakulazwa. Mwalimu mkuu, nilipompelekea maneno ya daktari, alisema suala litatazamwa, akakohoa, akanipa mkono. Sikuupokea. Sasa wifi anauzia upande wa pili wa barabara, ambao si mali ya shule, na mkasi unaning'inia shingoni mwake kwa kamba. Kifuko cha kwanza cha kila siku hakiuzwi. Ni cha Chiriku. Anasimama mbele ya wenzake wote, anakinyonya taratibu, na wakimwomba awaonjeshe anawaambia vifua vyao haviwezi.