Meneja Anapumua Mara Ishirini na Nane

Nelvine ameniomba mara tatu niandike habari hii, na mara tatu nimemwambia aniache. Mimi si mtu wa kuandika. Nilisoma mpaka darasa la tatu, kisha baba akasema ng'ombe hawawezi kujichunga, shule ikaishia hapo. Herufi zangu hutembea kama kuku aliyekanyaga matope. Lakini huyu msichana daktari wa mifugo hajui kukataliwa. "Kogo, andika tu," anasema. Kogo ni nyanya kwa lugha yetu. "Nitaisoma kwa mkutano wa wafugaji. Hata watu wa Nyamira watakuja." Hao watu wa Nyamira ndio walionifanya nichukue penseli, si kitu kingine. Na mtu asinisahihishe.

Naitwa Edinah. Hapa kwetu, mbele kidogo ya Kiptere, wananiita Mama Robert. Mume wangu Hezekiah alikufa miaka kumi na moja iliyopita. Watoto wangu wako mbali, kila mmoja na kazi yake, na Robert hupiga simu. Nina chai kidogo, ng'ombe mmoja, na ukuta mmoja ambapo nilikuwa nimeacha saa ya Hezekiah ining'inie bila betri. Sikuona sababu ya kujua ni saa ngapi.

Shamba langu linaishia kwenye ua wa miti, na ng'ambo ya ua ni chai ya kampuni. Pale pale ng'ambo palikuwa na kambi ya wafanyakazi, nyumba arobaini kwa mistari. Nyumba ya mwisho, ile ya karibu na ua, alikaa Nyamoita. Mkisii. Mchumaji wa chai, na baadaye mfanyakazi wa nyumbani kwa meneja. Tulijuana siku ng'ombe wangu alipopita kwenye ua akala sukuma wiki yake yote. Alikuja kwangu ameshika shina moja lililobaki, akanionyesha kama askari anayeonyesha ushahidi.

"Mama, ng'ombe wako amekula mboga ya wiki mbili. Sasa mimi nimkule yeye?"

Nilimwambia kama ana meno ya kutosha, ajaribu. Akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo, miaka ishirini na sita, hapakupita jioni bila sisi kusimama kwenye ule ua, yeye upande wake, mimi wangu, tukisema watu vibaya.

Meneja alipohamishwa aliacha kambwa kadogo, keupe, masikio kama majani ya chai yaliyonyauka. Nyamoita akakachukua. Wachumaji wakakaita Meneja, kwa sababu kalikuwa kanatembea kati ya mistari ya chai kakiangalia kila kikapu na hakakuwa kanafanya kazi yoyote.

Halafu mashine za kuchuma chai zikaja. Mashine moja inafanya kazi ya watu wengi na haiombi nyumba. Kambi ikafungwa. Siku lori lilipokuja kubeba vitu, Nyamoita alikuja kwenye ua na Meneja mkononi.

"Mama Robert, ninaenda Nyamira kwa mwanangu Oyaro. Bibi yake hataki mbwa. Nishikie huyu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nirudi kumchukua."

Nikampokea juu ya ua. Sasa, wewe unayesoma, kama si Mkipsigis nikueleze. Tuna desturi yetu inaitwa kimanagan. Mtu anampa rafiki yake ng'ombe amtunzie. Unakunywa maziwa, lakini ng'ombe si wako. Akizaa, unapeleka habari kwa mwenyewe. Akiugua, unapeleka habari. Akifa, unapeleka ngozi ili ajue hukumuuza. Mtu anayeficha ugonjwa wa ng'ombe wa kimanagan ni mwizi tu, hata kama hajaiba kitu. Nyamoita alikuwa ameishi na sisi miaka mingi, desturi hiyo aliijua. Aliposema "nishikie," nilijua amesema nini.

Mwanzo alipiga simu kila Jumapili baada ya kanisa. Kwanza salamu za Meneja, kisha zangu. "Anakula?" Anakula. "Anabweka?" Anambwekea Kipkurui. Huyo ni shemeji yangu, mdogo wa Hezekiah, na kumbwekea ni haki.

Mwaka wa pili Meneja akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, kama mtu aliyemeza unga. Akawa akitembea mpaka kwenye mzani wa chai anakaa njiani mara mbili. Nelvine alikuja kuangalia ng'ombe wangu, nikamwambia kwa kuwa uko hapa, hebu angalia na huyu. Akaweka zile mpira zake masikioni, akasikiliza kifua cha Meneja kwa muda mrefu mpaka nikaanza kukasirika.

"Kogo, moyo wake una mvumo."

"Mvumo wa nini?"

Akanivalisha zile mpira. Nilisikia moyo, lakini si ule wa du-du. Katikati palikuwa na sauti nyingine, shhh, kama maji yanayopita kwenye mfereji wa mabati uliopasuka. Akanieleza kuwa ndani ya moyo kuna mlango, na mlango wa Meneja umezeeka, haufungi vizuri. Damu inarudi nyuma. Mlango wenyewe hawezi kuutengeneza, lakini mbwa mwenye mvumo anaweza kuishi, kama mwili wote utasaidiwa. Asinenepe. Asikimbizwe. Asifungwe kamba shingoni. Asikae kwa moshi. "Na kogo, chumvi hapana. Hata kidogo. Chumvi inavuta maji, na hayo maji yataingia kwenye mapafu."

Nilimwitikia kwa kichwa. Lakini moyoni nilisema, huyu mtoto amezaliwa juzi. Mimi nimefuga miaka hamsini. Mnyama akidhoofika, akikataa kutembea, nywele zikisimama, sisi tunampa chumvi. Baba yangu alikuwa anapeleka ng'ombe safari ya siku nzima walambe udongo wa chumvi, na wanarudi wanaruka kama ndama. Kila mtu hapa anajua hivyo. Hata mwanamke akizaa tunamtilia chumvi kwa supu.

Kwa hiyo Nelvine alipoondoka nilikwenda kwa ile chumvi ya ng'ombe, nikakwangua kijiko, nikakoroga kwa maziwa. Meneja akanywa yote, akalamba na bakuli. Nikaona nimeshinda. Nilifanya hivyo siku tisa.

Jumapili Nyamoita akapiga. "Anakula?"

"Anakula sana," nikasema. Sikutaja kikohozi. Nilitaka apone kwanza, nimwambie habari ikiwa imekwisha.

Siku ya kumi, asubuhi, nilimkuta jikoni amesimama. Hakutaka kulala. Miguu ya mbele ameitanua, shingo ameinyoosha, mbavu zinakwenda kama mvukuto wa mhunzi. Ulimi wake ulikuwa na rangi ya zambarau. Nilimbeba kwa leso, nikampigia Nelvine. Simu yangu ni ile mulika mwizi ya vibonye, na nambari zake zimefutika, nikapiga kwanza kwa mtu nisiyemjua, nikamtukana kwa sababu hakuwa Nelvine.

Alikuja na pikipiki. Akamdunga sindano ya kutoa maji, kisha akaniuliza bila kuniangalia, "Kogo, amekula nini?"

"Maziwa tu."

Bakuli lilikuwa pale chini. Nelvine akalichukua, akapitisha kidole pembeni, akakiweka ulimini. Nilimwona. Na yeye alijua nimemwona. Alikwenda nje akaosha lile bakuli kwa maji mengi, akalirudisha mahali pake, akakaa chini karibu na Meneja. Afadhali angenitukana. Mimi mtu akinitukana najua la kujibu.

Meneja alikojoa sakafu yote mpaka jua likaegemea. Sijawahi kufurahia mkojo namna hiyo. Ulimi ukarudi rangi yake, akalala juu ya mguu wangu.

"Ilikuwa ni chumvi ya ng'ombe," nikasema.

"Najua, kogo."

"Siku tisa."

"Sasa tuanze upya," akasema.

Tukaanza upya. Nelvine anasema hii sehemu ndiyo watu wanaihitaji, basi sikilizeni. Vidonge alivyoniachia nampa Meneja asubuhi na jioni, nikivificha kwa kiazi. Chakula chake ni nyama kidogo iliyochemshwa, wali, malenge, na hakuna chumvi. Nilichoka kupika sufuria mbili, nikawa ninakula kama yeye. Ajabu ni kwamba daktari wa presha pale Kapkatet alikuwa ameniambia niache chumvi miaka mitatu iliyopita. Sikumsikiliza. Nimemsikiliza mbwa.

Shingoni hana kamba. Nilikata mkanda wa kikapu changu cha zamani cha chai, nikamshonea wa kupita kifuani. Nilitaka kumchemshia gome la mti ambalo mama alitunywesha tukiugua kifua. Nelvine akasema, "Dawa ya mti ina nguvu yake, kogo. Usimpe kabla hujaniambia, isije ikagombana na vidonge." Mara hii sikumpa.

Kila mwezi tunampima. Ninamtia kwa mfuko, namtundika kwa mzani wa chai. Gichana, karani wa pale, anamwangalia kwa juu ya miwani. "Mama Robert, haya majani ni daraja gani? Naona ni mawili na chipukizi moja lenye pua." Kilo sita na nusu. Anaandika kwenye karatasi yangu na kunirudishia, na wanawake wote kwenye foleni wanacheka.

Jikoni kuna moshi, kwa hiyo Meneja nilimhamishia sebuleni, juu ya kiti cha Hezekiah. Kipkurui alikuja kwa sababu hiyo tu.

"Shemeji, nimesikia umempa mbwa kiti cha ndugu yangu. Hezekiah akirudi atakaa wapi?"

"Akirudi nitamwambia mbwa asimame."

"Watu wanasema umezaa uzeeni."

"Waambie amefanana na wewe."

Akaenda. Na alipokwisha kwenda, nitasema ukweli, nilitamani angekaa kidogo tutukanane zaidi.

Kitu cha mwisho ni kuhesabu. Meneja akiwa usingizini, ninahesabu kifua kikipanda, dakika moja nzima. Ikiwa chini ya thelathini, sawa. Ikizidi thelathini siku mbili mfululizo, nampigia Nelvine. Lakini utahesabuje dakika bila saa? Nilinunua betri, nikapanda kwa kigoda, nikaiamsha saa ya Hezekiah. Miaka kumi na moja ilikuwa imekaa kimya. Sasa inapiga, na kila nikisikia inapiga nakumbuka nyumba hii ilivyokuwa na watu. Ninachora mistari ya mkaa ukutani, mmoja kwa kila pumzi, kisha nafuta. Jioni ninakwenda na Meneja mpaka kwenye ua, polepole. Ng'ambo kuna nyumba arobaini bila moshi hata mmoja. Yeye anakaa, anaangalia ile ya mwisho. Mimi nasimama upande wangu. Wakati mwingine nasema kitu kuhusu Kipkurui, kwa sauti.

Sasa nifike pale ninapopakwepa.

Jumapili baada ya ile sindano, Nyamoita alipiga. Nilitazama simu ikilia. Nilijua ni lazima niseme: mbwa wako aliugua nikakuficha, kisha nikamlisha sumu kwa mkono wangu kwa sababu sikutaka kufundishwa na mtoto. Sikushika. Jumapili iliyofuata akapiga tena, sikushika. Akapiga Jumapili nne. Ya tano hakupiga. Nikajiambia, Meneja akipata nguvu nitampigia, mvua ikiisha nitampigia. Nilipopiga, nilikuwa nimechelewa miezi mitano, na yule mwanamke wa kwenye simu akaniambia nambari hiyo haipo. Nimepiga tena mara nyingi. Yeye hachoki kuniambia.

Robert anasema, "Mama, si yule mama alishasahau? Huyo mbwa ni wako sasa." Robert alisoma sana lakini hakuelewa. Mbwa si wangu. Na Nyamoita hakusahau. Anafikiri Meneja amekufa, na kwamba mimi sikuwa na heshima ya kumpelekea hata ngozi.

Nelvine anasema moyo wa Meneja hautapona. Mvumo umeongezeka. Labda mwaka mmoja, labda mvua hizi tu. Nataka mwenyewe amwone kabla.

Kwa hiyo ninyi mtakaosomewa hii, sikuandika ili mnisifu. Nyinyi wa Nyamira, simameni. Kuna mama anaitwa Nyamoita, ana pengo la jino moja mbele, anacheka mpaka anakaa chini. Anakaa kwa mwanawe Oyaro, upande wa Kebirigo. Mtafuteni. Msimwambie Meneja ni mzima, maana si mzima. Mwambieni mambo ya chumvi, yote, siku tisa, msipunguze hata moja. Mwambieni leo mchana alikuwa amelala kwenye kiti na amepumua mara ishirini na nane. Mwambieni aje kwa ua, upande wowote anaotaka.

Kisha mmoja wenu amletee Nelvine jibu. Si "tutaangalia." Jibu.