Rangi ya Pikapu

Nilikuwa mtu mzima, shule nimemaliza, siku niliyogundua kwamba baba yangu hakuwa na nyumba. Nasema hivyo na huku tulikuwa tunaishi kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma aliyoijenga mwenyewe, yenye bati na baraza, pale Bigwa, mlima unapoanzia. Matofali alifyatua kwa mikono yake. Milango alitengeneza yeye. Ungeniuliza hii ni nyumba ya nani, ningekuona huna akili. Mpaka leo nikiikumbuka siku ile moyo unanilipuka kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Kwa Waluguru ardhi hufuata mama. Shamba, kiwanja na miti iliyomo ni vya ukoo wa mama, na msemaji wa ukoo ni mjomba. Baba alitoka mbali, kanda ya ziwa. Alikuja Morogoro kutengeneza magari kwenye karakana ya shirika la umma, akamwoa mama kanisani, akajenga kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Haya yote niliyajua kama ninavyojua njia ya kwenda sokoni. Nisichowahi kukifikiria ni mwisho wake. Mama akitangulia kufa, ukoo unaweza kukaa kikao na kumwambia baba: asante kwa yote, sasa rudi kwenu. Ardhi inabaki, na kilichosimama juu yake kinabaki. Sisi watoto ni wa ukoo, hatuna shida. Baba alikuwa analijua hilo tangu siku ya kwanza na hakuwahi kulitamka mbele yetu.

Ikaja enzi ya ruksa. Mashirika yakauzwa, viwanda vikafungwa geti, na baba na wenzake wakapunguzwa kazi. Wakati huohuo mji ukajaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu: redio za kila aina, sabuni za rangi, mitumba mpaka barabarani, pikapu za Kijapani zilizotumika. Wenzake baba walinunua mashine za kusaga, wengine wakaanza kuuza nguo. Baba akanunua karavani.

Nilikuwa nyuma ya nyumba nachambua mchicha nikasikia watoto wa jirani wanapiga kelele. Nikatoka. Lori lilikuwa linapanda njia yetu taratibu, na nyuma yake linavuta kitu kama kopo kubwa la samaki lenye madirisha na magurudumu. Wakandarasi wa barabara walikuwa wamekiacha kambini kwao Mikese walipomaliza kazi, kikakaa kwenye majani mpaka kuku wakakigeuza banda. Ni nyumba ndogo ya kuvutwa na gari, Wazungu hulala humo wakisafiri. Mama alitoka na mwiko mkononi.

"Mzee, hiki nini?"

"Karavani."

"Ya nani?"

"Yetu. Ya biashara," baba akasema, akageuka haraka kumwelekeza dereva.

Mama hakuhitaji zaidi ya hapo. Jioni alikuwa ameshaamua kwamba hilo ni jiko lake. Litawekwa kando ya barabara kuu, mabasi yasimame, yeye auze wali na maharage kupitia dirishani. Alipima upana wa dirisha kwa sinia. Aliniambia nitakuwa wa kuosha vyombo, na mimi nikanuna kwa sababu niliota kazi ya ofisini. Baba alisikia mipango yote hiyo, hakukanusha hata neno moja.

Hali ya kile kitu ilikuwa ya kutisha. Paa linavuja kwenye kila kiungo. Sakafu ya mbao imeoza, ukiweka mguu unazama. Mchwa wamekula ukuta wa ndani mpaka umebaki mwembamba kama karatasi. Baba hakutikisika. Alikwenda Dar kwa rafiki yake aliyekuwa anauza pikapu zilizotumika, akarudi na madebe ya rangi nyeusi, nzito kama uji wa mtama uliopoa. Ndiyo ile wanayopaka kwenye bodi la pikapu, kule nyuma kwenye mizigo, ili vyuma visilikwangue na maji yasilitoboe. Unaichanganya na dawa yake ya kukaushia, unaipaka, nayo inageuka kuwa mpira. Baba alipaka kipande cha bati, akakiacha kikauke, kisha akatuita na kukipiga nyundo. Akapiga tena. Hata alama!

"Ikishika haitoki," alituambia. "Hata kwa shoka haitoki."

Aliisema sentensi hiyo mara nyingi wiki zile mpaka mama akawa anaimalizia yeye.

Mara ya kwanza ilitoka. Aliipaka ukuta mzima wa nje juu ya rangi kuukuu, yenye vumbi na mafuta, bila hata kuukwangua. Ikanyesha mvua ya mlimani usiku kucha. Asubuhi tuliamka tukakuta upande wote umechunika na kuning'inia chini, shuka zima jeusi, na jirani yetu amesimama njiani na ndoo yake kichwani.

"Shemeji, unachuna chatu?" akauliza.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Baba hakucheka. Nilitazama uso wake nikashtuka, kwa maana ulikuwa uso wa mtu aliyefiwa. Kwa kibanda cha kuuzia wali! Nikajiambia ni kukosa kazi kunakomsumbua.

Akaanza upya, na safari hii na sisi tukaingizwa kazini. Tulipiga msasa kila mahali mpaka bati likawa na mikwaruzo ya kushika rangi. Tukafuta kwa thina, macho yanatoka machozi. Tukaziba viungo, tukabandika karatasi kwenye vioo. Sakafu aliing'oa yote. Kulikuwa na kona moja ambayo mbao zake hazikuwa zimeoza sana, nikamwambia apake tu juu yake, funika kombe mwanaharamu apite, nani ataona.

"Hapa atalala mtu!" akanifokea.

"Jikoni halali mtu, baba."

Aliing'oa ile kona na hakuzungumza nami mpaka jioni. Mimi nikaona amekosea kusema, basi.

Paa nalo lilitupa kichekesho chetu. Alipolimaliza kwa weusi ule, jua la Morogoro likaligeuza tanuri. Mshumaa aliousahau ndani tuliukuta umelala umejikunja kama mlevi. Ikabidi apake nyeupe juu ya nyeusi. Mama alifurahi sana kwa hilo, akasema mpishi naye ni binadamu. Wakati huo kile kitu kilikuwa kimeanza kupendeza, nakiri. Nje kikavu, viungo vimezibwa, hakuna tone linaloingia. Ila baba alianza kufunga mlango kwa kufuli. Alisema ndani rangi haijakauka.

Ndipo mjomba aliposhuka kutoka Matombo. Alileta mkungu wa ndizi kama kawaida yake. Tulimwamkia shikamoo, mama akaenda kuvaa kitenge chake kipya kwa heshima ya kaka yake, kisha akaingia jikoni kutengeneza chai. Mjomba hakukaa. Aliizunguka karavani polepole, akagonga ukuta kwa kidole, akapiga tairi teke. Baba alikuwa mlangoni, rola mkononi, ametoka kupaka mkono wa mwisho ndani.

"Shemeji," mjomba akasema, "nimesikia ni jiko. Lakini jiko gani halina bomba la moshi?"

Baba akamtazama. Nadhani alikuwa amechoka kudanganya, maana hakuwa na kipaji hicho.

"Si jiko. Ni nyumba."

"Nyumba si unayo?"

"Ile si yangu."

Mjomba akacheka. "Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema, ndiyo shida yenyewe," baba akajibu. "Siku dada yako akitangulia, nyinyi mtakaa kikao, na mimi nitawekwa nje nisubiri kuambiwa. Sitasubiri, shemeji. Nitaifunga hii kwenye gari niondoke na heshima yangu. Yenye magurudumu hakuna wa kuniambia iko kwenye ardhi yake."

Nilimgeukia mjomba nikisubiri aseme ni uongo, aseme shemeji umechanganyikiwa, nani atakufukuza wewe. Nilimsubiri. Mjomba akainama kuangalia raba zake. Hapo ndipo niliposhtuka kweli, maana nilielewa kwamba baba hakuwa anaota. Nilitazama nyumba yetu, baraza, milango, nikaona kama ni ya watu nisiowajua. Nikawa na hasira na baba, na mjomba, na hizo ndizi zake.

Mama alikuwa amesimama nyuma yetu na sinia la chai na maandazi. Amesikia yote.

"Mzee," akasema, "mimi naumwa nini?"

"Huumwi kitu."

"Sasa mbona umeshanizika?"

Ni mwanamke aliyekuwa anapanda mlima na gunia la mbolea mgongoni huku anaongea. Mama akaweka sinia chini kwenye vumbi, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya kabla wala baada, akaelekea kwenye karavani.

"Usiingie, rangi mbichi!"

Akaingia. Nikamfuata mpaka kizingitini. Ndani kulikuwa kweusi na harufu ya kupasua kichwa. Hapakuwa na jiko. Hapakuwa na meza ya kukatia wala rafu ya sahani. Palikuwa na kitanda kilichopigiliwa ukutani, nacho baba alikuwa amekipaka ile ile rangi ya pikapu, juu mpaka chini, kunguni na mchwa wasipate pa kuingilia. Kilikuwa bado kinang'aa. Juu yake ndoano moja ya kutundikia nguo. Na kitanda kilikuwa chembamba, Mungu wangu, cha mtu mmoja, tena mtu huyo alale ubavu.

"Na mimi nalala wapi?" mama akauliza.

Baba hakuwa mtu wa maneno, ningependa ieleweke hivyo.

"Wewe utakuwa umeshakufa," akasema.

Mama alikitazama kile kitanda kwa muda. Halafu akageuka, akakikalia, akainua miguu, akalala chali kwenye ile rangi mbichi na kitenge chake kipya, mikono ameinyoosha pembeni kama aliyefika nyumbani kutoka shamba.

Baba alipiga yowe. "Inuka! Inuka, mama, hiyo haitoki! Ikishika—"

"Haitoki. Najua," mama akasema, amefumba macho. "Umeniambia mpaka nimekariri."

Sijui kama nilitaka kucheka au kulia. Mjomba alikuja mpaka mlangoni, alipomwona dada yake katika hali ile akageuka kwa haraka, akatupa mgongo na kutazama mlima.

"Kaka," mama akaita. "Unanisikia?"

"Nakusikia, dada."

"Siku ya kikao chenu, atakayemvuta huyu, anivute na mimi. Waambie hivyo. Waambie nimegandia."

Kuku walianza kudonoa maandazi kwenye sinia na hakuna aliyewafukuza.

"Ukoo utasema nini, sijui," mjomba akasema mwishowe, bado ametupa mgongo. "Lakini mimi neno langu ni kwamba atabaki."

"Usiniambie mimi. Mimi ni maiti. Mwambie mwenyewe."

Mjomba akageuka, macho chini, akamtafuta baba. "Shemeji," akasema. "Utabaki. Nikiwa hai, mbele yangu hakuna atakayekutoa. Nisamehe hukulisikia mapema."

Baba aliweka rola chini, akaingia, akapiga magoti kando ya kitanda. Kwanza alijaribu kumbandua mama taratibu kwa kuingiza vidole chini ya kitambaa, ikashindikana. Akaomba kisu. Nilimletea kile cha kukatia nyanya, na nilimwona anavyokata kitenge kuzunguka mwili wa mama, machozi yanamdondoka kwenye ile rangi yake. Sikuwahi kumwona baba akilia. Mama aliinuka na gauni lake la ndani na nusu ya kitenge. Nusu nyingine, maua yake ya njano na kijani, ilibaki kitandani imeshikana na mpira, na baba alikuwa amesema kweli: haikutoka. Kiwiko cha mama kilibaki cheusi kwa wiki kadhaa. Alikwenda nacho kanisani, akapokea komunyo nacho, na aliyemuuliza alimjibu kwamba ni mambo ya nyumbani.

Mjomba alilala kwetu siku ile. Chakula kililiwa bila maneno mengi. Sikumsalimia vizuri alipokwenda kulala, nilikuwa bado na hasira, na yeye alielewa.

Asubuhi niliamshwa na sauti ya msumeno. Nilitoka nikiwa na hofu, nikadhani baba anakata ule ubao aweze kutoa kitambaa, au anavunja kila kitu kwa aibu. Nilimkuta ndani ya karavani, mbao mpya zimeegemea ukuta, penseli nyuma ya sikio. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa. Alikuwa anaongeza upana wa kitanda.