Ndiyo Iliyomfunga Clancy

Kwa miaka kumi na mmoja Noreen Dutji amepiga deki zahanati ya mji wao mdogo katika eneo la Kimberley, kaskazini-magharibi mwa Australia, na hasira yake haijapoa hata siku moja. Clancy, mtoto wa dada yake, ambaye kwa desturi yao ya wenyeji asilia ni mwanawe kabisa, anatumikia kifungo cha maisha kwa mauaji ya mzungu mmoja, kwa sababu ya neno moja.

Mpelelezi alimwuliza, "Wewe hukumchoma kisu yule mzungu?" Clancy akajibu, "Ndiyo." Yeyote wa kwao angeelewa: ndiyo, sikumchoma. Lakini kwa Kiingereza cha mpelelezi, ndiyo hiyo ilimaanisha nilimchoma; akaandika kwamba amekiri, na jaji hakujisumbua kuuliza zaidi.

Jana alikuja wakili kijana kutoka Perth kuandaa rufaa. Wakaketi barazani kwa Noreen.

"Mama, polisi hawakumletea Clancy mkalimani?"

"Ndiyo."

Wakili akaandika: mkalimani aliletwa. Noreen akaona alichoandika, akamnyang'anya kalamu.

"We kijana! Umekuja kumtoa mwanangu au kumfunga mara ya pili?"

"Si umesema ndiyo, mama?"

"Ndiyo, hawakumletea! Shule yote hiyo, masikio umeyaacha Perth?"

Wakili akanywea. Akanyoosha mkono kulifuta kosa lake, lakini Noreen akaukandamiza ukurasa kwa kiganja.

"Usifute. Andika chini yake nilivyokujibu, na wewe ulivyoelewa. Kisha tia sahihi yako. Hiyo ndiyo rufaa yenyewe. Mpelekee jaji aone jinsi mtu anavyofungwa."

Wakili akaandika, Noreen akisimamia kila neno.